Tairi la pikipiki kwenye lami iliyolowa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150, zenye matairi ya 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, au ndugu zake wa ringi 18. Pikipiki kubwa zinafuata kanuni zilezile za mshiko, ila upepo na vipimo vyake ni tofauti. Swali lako likiwa limegusia jambo lililokwisha elezwa, utaona namba ya swali la kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Jana nimepita hapahapa bila shida. Leo imenyesha kidogo tu, mbona pikipiki inateleza?

Tairi linashika lami kwa njia mbili. Mpira unanata juu ya jiwe, na pia unajibana kwenye ncha ndogondogo za kokoto zilizochomoza. Maji yakiingia katikati, ule mnato unapotea karibu wote. Unabaki na kule kujibana, na hapo inategemea lami yenyewe iko vipi. Lami inayokwaruza kiganja ukiigusa bado ina mshiko hata ikilowa. Ile iliyosuguliwa na malori mpaka inang'aa, hasa kwenye mizunguko na vituo vya mabasi, inapoteza sana.

Wanaopima msuguano wanatumia namba. Lami kavu nzuri iko karibu na 0.8, na ikilowa inashuka hadi kama 0.5. Rangi ya barabarani au chuma kikilowa kinaweza kwenda chini ya 0.3. Hesabu zote zinazofuata zimetumia namba hizi.

2. Tofauti hiyo ni mita ngapi nikishika breki?

Ukiwa kwenye 50 km/h, breki nzuri kwenye lami kavu inakusimamisha kwa mita 12 hivi. Ikilowa ni mita 20. Kwenye 80 km/h ni mita 31 kavu na 50 ikilowa. Hapo hatujahesabu ile sekunde moja ya kuona hatari na kupeleka vidole kwenye breki: kwa 50 unakuwa umeshakula mita 14, kwa 80 mita 22. Jumla, pikipiki iliyokuwa 80 kwenye mvua inahitaji zaidi ya mita 70 hadi isimame, na hiyo ni kwa tairi zima na dereva aliyetulia.

Angalia pia kwamba mwendo ukipanda mara mbili, umbali wa breki unapanda mara nne. Kwenye mvua, kupunguza kutoka 60 hadi 45 kunakupa nafasi kubwa kuliko tairi lolote utakalonunua.

3. Ni wakati gani wa mvua wenye utelezi mbaya zaidi?

Dakika za mwanzo, hasa baada ya wiki kadhaa za jua. Lami inakuwa imekusanya oili, dizeli, vumbi na unga wa mpira wa matairi. Manyunyu ya kwanza yanachanganya vyote hivyo kuwa ute, na hayana nguvu ya kuuosha. Mvua kubwa ikipiga nusu saa, ute unaondoka na barabara inakuwa na nafuu.

Ndiyo sababu mvua za kwanza za vuli ni mbaya kuliko katikati ya masika. Mwezi wa nne barabara imeshaoshwa kila siku. Oktoba inaoshwa kwa mara ya kwanza. Ukiwa na uhuru wa kusubiri, subiri hapo mwanzo. Wengi wanakimbia mvua inapoanza ili wasilowe, kisha wanasimama ikikolea. Kwa upande wa tairi hiyo ni kinyume kabisa.

4. Tairi la pikipiki linaelea juu ya maji kama la gari?

Linaweza, ila kwa shida zaidi. Tairi la gari ni bapa, la pikipiki ni la mviringo na jembamba, kwa hiyo linapasua maji. Kinachoamua zaidi ni upepo. Kuna kanuni iliyotokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege, inayoonyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea unafuata kipeuo cha pili cha upepo. Ukiitumia kwa makadirio, tairi la psi 28 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) linafika karibu 88 km/h kabla ya kuelea kwenye maji ya kina. Lenye psi 18 linaanza kwenye 70.

Katika mwendo wa mjini, kinachoitwa kuelea mara nyingi ni tairi kipara likiserereka juu ya maji membamba, au tairi zuri lililopita kwenye dizeli.

## Kulikagua tairi

5. Kashata (vipande vya mpira vilivyochomoza juu ya tairi) zibaki kiasi gani ndipo nibadilishe?

Ubavuni mwa tairi tafuta herufi TWI au alama ndogo ya pembetatu. Fuata alama hiyo hadi kwenye mfereji wa juu: utaona kijituta cha mpira chini ya mfereji. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kijituta hicho kina urefu wa milimita 0.8. Kashata zikilingana nacho, tairi limekwisha.

Hicho ni kipimo cha mwisho. Kwa kazi ya mvua usisubiri kufika hapo. Badilisha kwenye milimita 2. Mifereji yenye kina kidogo inajaa maji upesi na haina pa kuyapeleka. Pima katikati kwa rula nyembamba, sehemu tatu tofauti za mzunguko, maana tairi la nyuma linakwisha katikati kwanza huku pembeni pakiwa bado pazima. Tairi lililokuwa bapa katikati lina tatizo la pili: ukilaza pikipiki kwenye kona, linapanda ukingo wa ubapa kwa mruko. Kwenye lami iliyolowa mruko huo unatosha kuliachisha barabara.

6. Tairi langu lina kashata nzima kabisa. Mbona linateleza?

Mpira umekufa. Hili ndilo swali linalojirudia kuliko yote, na ndilo watu wanalokataa jibu lake, kwa sababu macho yanaona kashata na pesa inauma.

Mpira wa tairi una mafuta na viungo vinavyoufanya uwe laini. Jua, joto na miaka vinaviondoa. Unabaki mgumu, na mpira mgumu haujibani kwenye ncha za kokoto, yaani ile njia pekee ya mshiko inayobaki barabara ikilowa (swali la 1). Kwenye lami kavu hutagundua, kwa kuwa mnato bado unasaidia. Utagundua siku ya mvua.

Jinsi ya kuupima: egesha kivulini, tairi likiwa limepoa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa nguvu katikati ya kashata. Mpira ulio hai unaingia kidogo na kuacha alama inayopotea taratibu. Uliokufa ukucha unateleza juu yake kana kwamba ni ndoo ya plastiki. Kisha ikunje shingo uangalie ndani ya mifereji, pale kashata inapoota kutoka kwenye tairi. Nyufa nyembamba kama nywele zinaanzia hapo, kabla hazijaonekana ubavuni. Linganisha na tairi jipya dukani, kidole kitajifunza haraka.

Kuna pia matairi yanayotoka kiwandani yakiwa magumu kwa makusudi. Mpira mgumu unakwenda kilomita nyingi, na kilomita nyingi ndizo zinazouza. Viwanda vinavyojali mvua vinachanganya unga wa madini uitwao silika kwenye mpira, unaobaki laini hata tairi likiwa baridi. Muuzaji akisifu tairi kwamba "halimaliziki", muulize linafanyaje kwenye mvua. Mara nyingi sifa hizo mbili hazikai pamoja kwa bei hiyo.

7. Tarehe ya kutengenezwa inasomwaje?

Tafuta namba nne zilizo ndani ya kisanduku kirefu chenye kona za mviringo, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zinaweza kuwa upande mmoja tu, kwa hiyo zunguka.

Tairi lililokaa dukani miaka miwili kivulini halina shida. Lililoning'inizwa nje ya duka juani kwa muda huohuo lina shida, hata kama halijawahi kugusa lami. Likifikisha miaka mitano tangu litengenezwe, kwa kazi ya mvua liache, ukucha useme utakachosema.

8. "3.00-17 6PR 50P" ni nini, na inasema chochote kuhusu mvua?

3.00 ni upana kwa inchi, 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 6PR ni daraja la uimara wa nyuzi. 50 ni uzito ambao tairi linabeba, yaani kilo 190, na P ni mwendo wa juu kabisa, 150 km/h. TT maana yake linatumia tyubu, TL halihitaji.

Kuhusu mvua haisemi kitu. Tairi la 6PR ni imara kwa mzigo na mashimo, na watu wa mizigo wanalipenda kwa haki. Ila daraja hilo halihusu ulaini wa mpira wa juu, na ubavu wake mgumu hausaidii kulalia kokoto. Ukiwa hubebi magunia, usilipie daraja usilolihitaji.

9. Tairi la kashata kubwa za matope si ndilo lenye mshiko zaidi?

Kwenye tope, ndiyo. Kwenye lami iliyolowa, hapana. Nafasi kubwa kati ya kashata maana yake mpira unaogusa lami ni kidogo, na kashata ndefu zinayumba ukishika breki au ukilala kona. Kama nusu ya safari zako ni lami, chukua lenye kashata pana zilizokaribiana na mifereji inayokatiza hadi pembeni. Kama unashinda kwenye vumbi na tope na lami unaivuka tu, baki na la matope, ila kona za lami uziheshimu.

10. Tairi zuri liwe mbele au nyuma?

Mbele. Tairi la nyuma likiserereka unaweza kulirudisha (swali la 20). La mbele likiachia, kwa kawaida unajikuta chini kabla hujaelewa. Ile desturi ya kuweka jipya nyuma na kuhamishia la nyuma lililochoka mbele ni mbaya mara mbili, maana mara nyingi hata kipimo hakilingani.

Angalia mshale ubavuni. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa matumizi ya mbele na mwingine wa nyuma, na inaelekea pande tofauti. Tairi likifungwa kinyume, mifereji inakusanya maji kuelekea katikati badala ya kuyasukuma nje. Fundi akimaliza kufunga, usipande kabla hujautazama mshale.

11. Fundi anaweza kulichonga tairi kipara liwe na mifereji tena?

Anaweza, na utakuwa umelipia pancha au kifo. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa yakiwa na mpira mnene chini ya kashata kwa ajili ya kuchongwa. La pikipiki halina. Chini ya kashata kuna milimita chache tu za mpira kisha nyuzi, na kisu kikizigusa, maji yanaingia na kuziozesha kutoka ndani. Isitoshe mpira uliobaki huko chini umeshapikwa na joto la maelfu ya kilomita (swali la 6).

12. Na matairi ya mtumba?

Soma tarehe, fanya jaribio la ukucha, kisha lipanue uangalie ndani. Kiraka kikubwa, nyuzi zilizochomoza au mstari wa mkunjo kuzunguka ubavu: acha. Mkunjo huo ni dalili kwamba liliendeshwa bila upepo.

## Upepo

13. Niweke upepo kiasi gani, na mvua ikinyesha nipunguze?

Usipunguze. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, mbele ni psi 25, nyuma ni psi 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kwa vipimo vya bar ni kama 1.7, 1.9 na 2.2. Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye kava ya cheni au karibu nayo, na kwenye kitabu chake. Hicho ndicho cha kufuata.

Wazo la kupunguza linatoka kwenye mchanga na tope, ambako tairi legevu linatanuka na kupata eneo. Kwenye lami yenye maji, tairi legevu linakunja katikati na mifereji inajifunga badala ya kutoa maji, na mwendo wa kuelea unashuka (swali la 4).

Pima asubuhi kabla ya kuanza kazi. Tairi likishatembea linapata joto na geji inasoma juu zaidi. Geji ndogo ya kalamu inatosha, na ukiwa nayo ileile kila siku, utagundua pancha inayovuja polepole kabla ya abiria wa kwanza.

14. Fundi pancha anajaza mpaka liwe gumu, anasema halitapata pancha. Kweli?

Kwa misumari hakuna tofauti ya maana. Kwa mshiko kuna hasara. Tairi lenye psi 45 linagusa lami kwa mstari mwembamba wa katikati tu, na linadunda juu ya kila kibonde. Kwenye sekunde ambayo liko hewani halishiki chochote. Kubonyeza kwa kidole gumba hakupimi kitu: tairi la 6PR lenye psi 20 litakuambia limejaa.

15. Valvu ya tyubu imelala upande. Ina uhusiano na mvua?

Ina uhusiano na upepo mdogo na breki. Tairi legevu likishikwa breki kali linazunguka kidogo juu ya ringi na kuburuta tyubu. Valvu inainama, na safari moja itachanika shinani na upepo wote utoke papo hapo.

Toa upepo wote, legeza nati ya valvu, achanisha ukingo wa tairi na ringi pande zote mbili, paka maji ya sabuni kwenye ukingo, kisha lizungushe tairi kwa mkono hadi valvu isimame wima. Jaza upepo. Kuna mstari mwembamba wa mpira unaozunguka ubavu karibu na ringi: ukionekana kwa umbali sawa kila mahali, tairi limekaa. Nati iache juu kidogo, usiikaze hadi kwenye ringi. Hivyo valvu ikianza kuinama tena utaiona mapema.

## Tairi jipya na usafi

16. Nimefunga tairi jipya na linateleza kuliko la zamani. Nimeuziwa feki?

Huenda hapana. Tairi linatoka kwenye kalibu na ngozi laini inayong'aa, na pengine mabaki ya dawa ya kulitoa humo. Ngozi hiyo inaisha kwa kusuguana na barabara, kwa kilomita 100 hadi 150 za mwanzo. Kwa kazi ya mjini ni siku moja au mbili. Katika muda huo epuka breki kali, na ulaze pikipiki kidogokidogo, maana pembeni panachelewa kusuguliwa. Likioshwa kwa maji ya sabuni na brashi ngumu linasaidika. Petroli usitumie, inaudhuru mpira.

Kama baada ya kilomita 200 bado linateleza, rudi swali la 6 na la 7.

17. Dawa ya kung'arisha matairi ina ubaya?

Ubavuni haina neno, ikipakwa kwa kitambaa. Ikinyunyizwa, inafika kwenye kashata, na mvua ya kwanza unajua habari yake.

Adui mkubwa zaidi ni oili chafu ya kwenye cheni. Injini ikimwagwa oili, ile nyeusi inapakwa kwenye cheni kwa wingi, kava haipo au imepasuka, na mwendo ukikolea matone yanarukia tairi la nyuma. Pitisha karatasi nyeupe ukingoni mwa tairi upande wa cheni. Ikitoka na doa jeusi lenye mafuta, osha kwa sabuni na brashi, na cheni uifute kwa kitambaa hadi ibaki na unyevu tu. Oili inayofanya kazi iko ndani ya viungo. Ya nje ni ya kurukia tairi.

## Barabarani

18. Ni sehemu gani hasa za kuogopa?

Vivuko vya pundamilia na mishale ya rangi: vuka pikipiki ikiwa wima, bila breki, bila kuvuta mafuta. Matuta yaliyopakwa rangi ni vivyo hivyo, punguza mwendo kabla, si juu yake. Mifuniko ya chemba na maungio ya chuma ya madaraja: kama huwezi kukwepa, pita umenyooka. Reli inayokatiza barabara inataka uikate kwa pembe iliyo karibu na mraba. Ukiikata kimshazari, tairi la mbele linaifuata reli na wewe unafuata lami.

Kwenye mizunguko, vilima na milango ya vituo vya mafuta kuna dizeli inayomwagika kutoka kwenye matangi yaliyojaa kupita kiasi. Utaona rangi za upinde wa mvua juu ya maji, au utasikia harufu ndani ya helmeti. Ukiisikia, usisubiri kuiona.

Mahali malori yanapotoka kwenye machimbo ya kokoto au eneo la ujenzi, lami inakuwa na ngozi ya udongo. Mita 200 za kwanza baada ya geti ni tope lililovaa sura ya lami. Pevingi za mjini zilizo kivulini zinaota ukungu wa kijani. Majani yaliyoanguka, na maua ya jakaranda kule Nairobi mwezi wa kumi, yanafanya kazi ileile.

Pita kwenye njia ya matairi ya magari yaliyotangulia, pale maji yamefagiliwa. Katikati ya njia ndipo oili za magari zinapodondokea.

19. Nitumie breki ya mbele au nyuma?

Zote mbili. Imani kwamba ya mbele "inapindua" imewaangusha wengi, kwa sababu inawabakizia ya nyuma ambayo haina uwezo. Ukianza kusimama, uzito unahamia mbele: tairi la mbele linakandamizwa na kupata mshiko, la nyuma linakuwa jepesi. Ukikanyaga ya nyuma peke yake kwenye maji, gurudumu linafunga na mkia unatoka.

Kinachoangusha ni kuikwapua. Anza kwa kuivuta ya mbele mpaka uhisi imegusa, subiri shokapu za mbele zizame, kisha ongeza. Ni kama nusu sekunde kati ya kugusa na kuongeza. Vidole viwili vinatosha. Ya nyuma ikanyage kwa uzito mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Gia zishushe mojamoja ukiachia klachi taratibu, kwa sababu kutoka ya nne hadi ya pili kwa ghafla kunafunga gurudumu la nyuma sawasawa na breki.

20. Tairi limeshaanza kuserereka. Nifanye nini?

La mbele: achia breki papo hapo, kisha ivute upya kwa ulaini. Una chini ya sekunde moja, kwa hiyo hili linazoezwa uwanjani kwa 20 km/h hadi mkono ulifanye bila kufikiri.

La nyuma kwa breki: legeza mguu polepole wakati mkia bado uko kwenye mstari. Mkia ukishatoka sana kando, kuachia ghafla kunaurudisha kwa nguvu na kukurusha. Hapo ni heri kubaki na breki hadi usimame. La nyuma kwa mafuta: punguza kidogo, usikate yote.

Kwa hali zote, macho yatazame unakotaka kwenda, na mikono isikaze usukani.

21. Kona niingie kwa mwendo gani?

Kwa kona yenye nusu kipenyo ya mita 20, kama makutano mapana ya mjini, kikomo cha kinadharia ni 45 km/h ikiwa kavu na 36 ikilowa. Ukikuta rangi au dizeli hapohapo ni 28. Hivyo ni vikomo vya kuanguka, si vya kuendesha, toa theluthi.

Mshiko ni mmoja, na breki na kona vinagawana. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kulala, pita kwa mafuta ya kutosha tu kubeba pikipiki, ongeza ikishaanza kusimama.

22. Kushuka milima mirefu kama Kitonga, Lushoto kwenda Mombo, au Limuru kwenda Mai Mahiu?

Chagua gia juu ya mlima, si katikati ya mteremko. Ya pili au ya tatu, injini ikivuta nyuma bila breki muda mrefu. Kuweka frii ili kuokoa mafuta kunakuachia breki peke yake, na za ngoma zikipata joto zinalegea. Kwenye mvua unaongeza la pili: kila mguso wa breki kwenye mteremko unaanza na tairi la nyuma likiwa tayari jepesi.

23. Nimepita kwenye dimbwi na breki hazishiki. Tairi?

Hapana, maji yameingia kwenye ngoma. Vuta breki kidogo sana huku ukiendelea kwa mwendo mdogo, mita 100 hadi 200, hadi viatu vya breki vikauke. Diski inarudi upesi zaidi.

## Hali za pekee

24. Barabara ya udongo mweusi wa mbuga ikilowa?

Hakuna tairi linalouweza sawasawa. Udongo huo unajaza mifereji na kujisokota chini ya madigadi hadi gurudumu linasimama. Ukilazimika, punguza upepo hadi psi 18 hivi, shusha abiria, tumia gia ya pili kwa mafuta yasiyobadilika. Ukifika kwenye lami, kwangua tope kwa kijiti na urudishe upepo kwanza. Mita mia za kwanza za lami ukiwa na tope kwenye kashata ni kama hujabadilisha barabara.

25. Maji yamefurika barabarani. Nivuke?

Kama yanatembea, usivuke. Pale Jangwani, Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likijaa barabara inafungwa, na hufungwa kwa sababu. Kama yametulia na hayafiki katikati ya ringi, subiri mwingine avuke uone kina, kisha pita kwa gia ya kwanza bila kukata mafuta. Ukitoka, rudi swali la 23.

26. Abiria anaongeza au anapunguza mshiko?

Anakandamiza tairi la nyuma, kwa hiyo hilo linashika vizuri zaidi. Lakini anapunguza uzito wa mbele na anaongeza uzito wa kusimamisha. Mwambie akae karibu nawe, asikae kwenye keria. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, kwenye mvua inamaanisha usukani mwepesi, na usukani mwepesi hautii kona. Upepo wa nyuma uwe 32 (swali la 13).

27. Pikipiki ya umeme ni tofauti?

Mota inatoa nguvu yote tangu mwanzo, bila klachi ya kuilainisha. Kwenye rangi iliyolowa gurudumu la nyuma linazunguka bure kwa urahisi, hivyo ondoka taratibu, au tumia hali ya mwendo mdogo kama ipo. Zenye kurudisha chaji wakati wa kupunguza mwendo zinashika gurudumu la nyuma kila ukiachia mafuta. Kwenye kona achia polepole.

28. Yenye ABS au breki za pamoja haiwezi kuteleza?

ABS inazuia gurudumu lisifunge ukiwa umenyooka. Haiongezi mshiko, na ya kawaida haikusaidii ukiwa umelala kwenye kona. Breki za pamoja zinagawa nguvu mbele na nyuma kutoka kwenye pedali moja. Ni msaada mzuri, lakini gurudumu bado linaweza kufunga.

29. Nimeanguka kwa utelezi, pikipiki inawaka. Niendelee na kazi?

Kwanza zungusha gurudumu la mbele hewani ukiwa umeweka kijiti karibu na ringi. Nafasi ikibadilika zaidi ya milimita 2, ringi imepinda. Simama mbele utazame kama usukani uko mraba na gurudumu. Mara nyingi shokapu zimejisokota kwenye vishikizo vyake, na fundi anazilegeza na kuzinyoosha bila kubadilisha kitu. Kagua ubavu wa tairi ulioangukia, ukitafuta mkato unaoonyesha nyuzi. Pima upepo upya, angalia valvu (swali la 15), na ukikuta mkono wa breki umepasuka, badilisha kabla ya safari inayofuata.